Norwei kwa siku kumi: treni ya milimani, meli ya pwani au visiwa vya Lofoten?

BintiWete:
Wakuu, habari zenu. Mwakani nimejaliwa kumpeleka mama Norwei, siku kumi tu. Mama ana miaka 63, amekulia Pemba, baba yake alikuwa mvuvi. Magoti yanamsumbua, ngazi nyingi hawezi. Sitaki tuzunguke kupiga picha milima halafu turudi. Nataka aone watu wanavyoishi na aonje wanachokula. Nimebaki na njia tatu: treni ya Oslo hadi Bergen, meli ya pwani ya Bergen hadi Kirkenes, au tukae Lofoten. Mliofika, nishaurini.

MkaziWaBergen:
Dada, mwamba ngoma huivutia kwake, nami naishi Bergen mwaka wa saba. Treni! Ni karibu kilomita 500, saa saba hivi, na mama atakaa kitini tu. Unatoka Oslo kwenye mashamba na misonobari, kisha miti inapungua kimo hadi inaisha kabisa. Kituo cha Finse, mita 1,222 juu ya bahari, hata mwezi wa tano theluji ingali imelala na watu wanashuka na skii, zile mbao za kutelezea thelujini, begani. Mkifika Myrdal badilisheni, mpande treni ya Flåm. Ni kilomita 20 tu, ila inateremka kutoka mita 867 mpaka ufukweni. Njiani husimama kwenye maporomoko ya Kjosfossen, abiria wanashuka, na manyunyu yanakurowesha uso hapo hapo jukwaani. Flåm kuna boti ya kupita Nærøyfjord, mkono wa bahari ulioingia kati ya milima. Penye wembamba zaidi ni mita 250 tu.

Kwa utamaduni, njooni tarehe 17 Mei. Ni sikukuu ya katiba yao ya 1814, na wanaoandamana ni watoto wa shule na bendera zao, siyo wanajeshi. Kina mama wanavaa bunad, vazi la sufu lenye nakshi, na anayezijua hizo nakshi anakwambia mwenzake ametoka pande zipi. Wekeni chumba mapema, na chakula mnunue siku moja kabla, maana maduka mengi hufungwa.

BahariaKilindini:
Mimi nilipanda meli ya pwani. Njia hiyo ilianza 1893 na ina bandari 34. Uzuri wake ni kwamba bado inabeba mizigo na wenyeji. Saa tisa usiku niliamshwa na kelele za mizigo, nikachungulia: mwanafunzi anashuka na begi lake, bibi yake anamngoja gatini na kiti cha kusukuma chenye miguu ya chuma inayoteleza juu ya theluji. Wakakumbatiana, begi likawekwa kitini, wakaenda zao. Mandhari zote nilizoziona, hilo ndilo lililonikaa.

Kwa magoti ya mama meli inafaa, lifti zipo. Ila nakwambia kweli: safari nzima ya kwenda ni karibu wiki, bei imepanda juu, na bandari nyingi mnakaa nusu saa au chini yake. Nchi unaiona, watu huwapati. Na pale Hustadvika, kipande cha bahari iliyo wazi njiani, hakuna kisiwa cha kukinga mawimbi. Sisi tulitapika, na bandari mbili zikarukwa kwa dhoruba.

MtotoWaUvira:
Niko kaskazini huku tangu familia yetu ilipopokelewa kutoka Kongo. Dada, binti wa mvuvi umpeleke Lofoten, tena mwezi wa tatu. Kuanzia Januari hadi Aprili chewa wakubwa wa bahari ya baridi (cod kwa Kiingereza), wenyeji wanawaita skrei, hushuka kutoka bahari ya Barents kuja kutaga. Wanavuliwa, wanafungwa wawili wawili kwa mkia na kuanikwa kwenye chanja kubwa za miti. Chumvi hawatii hata punje. Mkondo wa maji ya uvuguvugu unaizuia baridi isizidi, hivyo samaki hawaozi wala hawagandi wakaharibika, upepo unawakausha taratibu hadi wawe wagumu kama kuni. Watoto wa shule wanapata pesa zao kwa kukata ndimi za chewa, kazi ya watoto huko tangu zamani. Mama atasimama pale na hatahitaji mkalimani.

Si lazima mchague kimoja. Rukeni Oslo hadi Bodø, kisha mpande hiyo hiyo meli ya pwani kutoka Bodø mpaka Svolvær tu, mji ulioko Lofoten. Inaondoka alasiri, usiku mmefika. Mama atakuwa amepanda meli bila kulipia wiki nzima. Malizieni Tromsø. Huko muwasikilize Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, wakiimba joik, nyimbo zao za jadi, na msiwaite Walapi, jina hilo linawaumiza. Shule ziliwakataza watoto wao lugha yao kwa miaka mingi. Mfalme Harald wa Norwei aliwaomba radhi mwaka 1997.

AbuSalma:
Swali kwa aliye huko: swala inakuwaje? Na chakula cha halali?

MtotoWaUvira:
Shekhe, kiangazi jua halizami kabisa huku, wengine hufuata ratiba ya Makka. Mwezi wa tatu mchana na usiku vinakaribia kulingana, nyakati zinakwenda kama kawaida. Tena usiku una giza la kutosha, mbingu ikiwa safi mtaona ile mianga ya kijani inayocheza angani, aurora. Chakula ni samaki kila mahali, ulizeni tu kama mchuzi una divai.

MkaziWaBergen:
Kwa mwezi wa tatu, nakubali, Lofoten. Ila mnunulie mama viatu vya kutoteleza, barafu ya njiani na magoti mabovu havipatani. Viza ni ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ada euro 90 kwa mtu mzima, na bima isipungue euro 30,000. Anzeni miezi mitatu kabla.

BintiWete:
Ahsanteni sana. Nimemsomea mama yote, ameshika pale pa chanja. Anauliza: vichwa wanavipeleka wapi?

MtotoWaUvira:
Vinatungwa kwenye kamba, vinakaushwa peke yake, vingi vinakwenda Nigeria kwa ajili ya supu.

BintiWete:
Mama kasema tukate tiketi ya mwezi wa tatu.