Alamu za chumba cha baridi zinalia usiku kucha, ya kweli haikumfikia mlinzi, na logi haina data. Naombeni msaada (Mwanza)

FundiNyakato

Wakuu habari za saa hizi. Mimi fundi umeme niko huku Nyakato, nimekabidhiwa mfumo wa BACnet (lugha ya mawasiliano ya vifaa vya jengo) kwenye jengo moja, juu ofisi chini vyumba viwili vya baridi vya minofu ya sangara, aliyeufunga alishahama mkoa na hakuacha karatasi hata moja. Chumba kikubwa kimesetiwa nyuzi -20, alamu ya joto iko -18. Usiku alamu hazinyamazi, nimehesabu 61 usiku mmoja mpaka mlinzi kachoka kazima spika.

Kilichoniuma ni Jumapili. Umeme ulikatika saa mbili usiku, jenereta halikuwaka, kontrola zenyewe (vifaa vinavyosoma joto na kutoa alamu) zina UPS, yani betri ya akiba, kwahiyo ziliendelea kusoma, joto likapanda mpaka -11 na mlinzi hakupata SMS hata moja, taarifa zote zilienda kompyuta ya ofisini ambako hakuna mtu. Orodha ya wapokeaji sijaigusa, mlinzi yupo 18:00 mpaka 23:59 halafu 00:00 mpaka 06:00, ofisi 06:00 mpaka 18:00, naona iko sawa kabisa.

Asubuhi nafungua logi (rekodi za joto) nijue joto lilianza kupanda saa ngapi, nakuta dakika 50 tu za mwisho! Bafa, yani kumbukumbu ya kontrola, ni rekodi 1000, intavali (muda kati ya rekodi na rekodi) nilitaka kila dakika 5 nikaandika 300. Saa ya mfumo nimeangalia haina shida, saa mbili asubuhi inasoma 02:00. Nimekosea wapi? Mzigo ni wa watu na mimi ndio naulizwa.

Dada_Kontrola

Pole sana kaka. Naanza na logi maana hiyo ni rahisi. Intavali ya logi kwenye BACnet haihesabiwi kwa sekunde, inahesabiwa kwa sehemu ya mia ya sekunde. Programu nyingine zinakubadilishia zenyewe, yako inaonekana inapokea namba kama ilivyo, kwahiyo 300 yako ni sekunde 3. Sekunde 3 mara rekodi 1000 ni sekunde 3000, ndio hizo dakika 50. Bafa ikijaa inafuta za zamani, usiku wote umefutwa.

Andika 30000. Hapo rekodi 1000 zinakupa dakika 5000, masaa 83 na kidogo, ukifunga ofisi Jumamosi mchana ukarudi Jumatatu data zote unazikuta. Ila usiache kontrola iwe ndio stoo, weka kompyuta izivute kila siku.

MzeeWaBarafu

Kijana, hizo alamu 61 nina uhakika nyingi ni difrosti. Hita zikiwaka kuyeyusha barafu kwenye koili ya kupoza, hewa inapanda juu ya -18 japo samaki mwenyewe hajapata joto. Halafu angalia dedibendi (nyuzi ambazo joto lazima lishuke chini ya kikomo ndio alamu izime), nahisi ni 0, yani joto likicheza -17.9, -18.1, -17.9 kila mara inahesabu alamu mpya.

Usipandishe kikomo ili upate kelele kidogo. Samaki aliyegandishwa mstari wake ni -18, uache hapohapo. Kama kompresa inaweza shusha chumba kiwe -22, dedibendi weka 1 ili alamu izime joto likirudi chini ya -19, na muda wa kusubiri uwe mrefu kuliko difrosti yako. Ipime kwanza, kama inachukua dakika 25 weka dakika 35, yani 2100, maana huu muda ni wa sekunde za kawaida sio kama intavali ya logi. Umeme kukatika uufungie alamu yake peke yake kutoka kwenye rilei ya fezi (swichi inayohisi umeme ukikatika), isubiri sekunde 10 tu.

Na logi uiheshimu. 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu, tuliona viwanda vinasimama na watu wanarudi nyumbani. Tangu hapo mnunuzi anataka kuona rekodi, maneno hayamtoshi.

Mwaloni_Net

Jamani mbona mmeipita saa? Mkuu, saa mbili asubuhi inatakiwa isome 08:00, sio 02:00. Kwa macho yetu inaonekana sawa kwasababu sisi tunahesabu toka jua likichomoza, lakini kontrola haijui Kiswahili, kwake hiyo ni saa nane usiku. Mfumo wako uko nyuma masaa 6.

Kwanini 6? Nenda kwenye kontrola angalia ofuseti ya UTC (tofauti ya dakika kati ya saa yetu na saa ya dunia), nina imani utakuta 180. Tanzania tuko UTC+3 kwahiyo mtu anaandika 180 bila wasiwasi, lakini BACnet inahesabu kinyume, mashariki ni hasi, magharibi ni chanya. Sisi tunatakiwa -180. Ukiweka 180 inatoa masaa 3 badala ya kuongeza 3, jumla 6. Na saa ya majira ya joto izime, huku hatuna.

Sasa rudi Jumapili: saa mbili usiku kwake ilikuwa 14:00, ikaangalia orodha ikaona ni muda wa ofisi. Alamu ilifanya kazi yake.

FundiNyakato

Mwaloni_Net Mungu akubariki, ni 180 kweli, kontrola zote nne. Nimeweka -180, nikasubiri giza, nikashusha kikomo kwa makusudi saa mbili na dakika kumi na nne usiku, ikasoma 20:14 na SMS ikaingia kwa mlinzi palepale, nimemuomba awashe na spika. Dada shukrani, 30000 imekaa. Mzee difrosti nimepima ni dakika 28, nimeweka 2400, usiku wa kwanza zimelia mbili tu na zote za mlango kuachwa wazi.

Swali la mwisho, logi za miezi ya nyuma zilizopo kwenye kompyuta zina saa mbovu, nizirekebishe?

MzeeWaBarafu

Usiguse hata moja. Mkaguzi akikuta umebadilisha namba hatakuamini tena. Andika kwenye daftari la chumba tarehe na saa uliyorekebisha, useme kabla ya hapo kila rekodi iko nyuma masaa 6, usaini wewe na meneja.

FundiNyakato

Sawa mzee wangu, naandika sasa hivi.