Kupanda barafu kwa mashindano: nianzie wapi nikiwa Dodoma?

Muulizaji: Wakuu, niko Dodoma, barafu ya karibu iko kule Kilimanjaro. Nianzie wapi? Kamba ya katani ya sokoni inafaa?

Jibu 1: Katani sahau, mkuu. Hainyumbuki, hivyo ukidondoka mshtuko wote unaishia kiunoni mwako na kwenye nanga, yaani pale kamba inapofungwa juu. Tafuta kamba ya kupandia inayonyumbulika, milimita 9.5 hadi 10, mita 60. Ukifanyia mazoezi kwenye miamba ya hapa, granaiti yetu inakwangua kamba kama tupa. Tandika kipande cha zulia ukingoni mwa mwamba, chini ya kamba. Nanga ziwe 2, pembe kati ya mikanda inayoziunganisha na kamba isizidi digrii 60. Ikifika 120, kila nanga inabeba mzigo wote.

Jibu 2: Tena mashindanoni sehemu kubwa ya njia ni plaiwudi na vishikizo vya kunasia shoka la barafu, barafu yenyewe kidogo. Kwa hiyo ukuta wa plaiwudi ya milimita 18, ulioinamishwa, unatosha kuanzia. Ncha ya shoka ikishashika, vuta kuelekea chini tu. Ukiuchezesha mpini inachomoka na shoka linakurudia usoni, kwa hiyo helmeti na miwani. Na msikwaruze miamba ya watu kwa mashoka, tafadhali!

Muulizaji: Na kramponi, yale meno ya chuma ya kufunga chini ya buti?

Jibu 2: Visigino chini. Ukiviinua, meno ya mbele yanachomoka.