Kaisugua rupia ya babu yangu kwa dawa ya meno, eti kanisaidia!

Wakuu, salamu tutapeana baadaye. Naandika huku natetemeka.

Yule mnunuzi wa sarafu za kale mnamjua nyote, wa meza ya kioo na miwani ya kuning'iniza shingoni. Sina haja ya kumtaja. Leo kaisugua rupia yangu kwa dawa ya meno. Mbele ya macho yangu!

Ni rupia ya Mjerumani ya 1891, kaniachia babu mzaa baba. Huku Kaisari Wilhelm na kofia yake yenye tai, huku simba na mnazi na jina la ile Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki iliyozitoa. Miaka yote naishika ukingoni tu, usoni haigusi mtu. Kuzunguka herufi ilikuwa na ule ukijivu unaoelekea bluu, ambao fedha huupata yenyewe ikitulia zaidi ya miaka mia. Manyoya ya tai yalikuwa yanahesabika, na wanaozijua rupia wanajua tai na sharubu za Kaisari ndivyo vinavyolika kwanza.

Nimempa aitazame aniambie iko daraja gani. Basi. Jamaa huku anaongea na simu kavuta kitambaa, kaminya dawa ya meno, kaanza kusugua. Ile yenye mistari myekundu! Nimepiga yowe nadhani hadi Pemba wamelisikia. Namnyang'anya, naikuta inameremeta kama sufuria ya harusi. Eti, "Dada yangu, nimekusaidia, ilikuwa chafu."

Halafu kaiweka kwenye MIZANI. Gramu 11 na ushee, kapiga hesabu ya fedha ya kuyeyusha, kaniambia: "Hii imeshasuguliwa, haina tena bei ya wakusanyaji."

Imesuguliwa na nani?!

Wapimaji wa kimataifa wana kipimo cha 1 hadi 70. Wakiona mikwaruzo ya kitambaa hata namba hawakupi, wanakuandikia "imesafishwa" yakaishia hapo. Ule ukijivu haurudi, hata nikiilaza kabatini mpaka wajukuu wazeeke.

Dawa ya meno, wakuu!

mwana_pangani: Huyo huyo! Mjomba alimpelekea sarafu ya Mjerumani ya hela 5 ya 1913, ile iliyotoka kiwandani na tundu katikati. Akaichungulia, akasema "imetobolewa hii, bei inashuka."

Kibatari: 😂😂😂 Nimekaa mkao wa kula.

Mzee wa Reli: Pole dada, ila na wewe umezidi. Sarafu ya babu unaiachaje mikononi mwa mtu mwenye kitambaa?

Mleta uzi: Nimeomba aitazame, sikuomba aipige mswaki!

Kibatari: Picha iko wapi? Uzi bila picha ni hadithi.

Mleta uzi: Picha ya kabla ninayo, ya baada sina moyo wa kuipiga.

Bepari Mstaafu: Tusikuze mambo. Rupia moja ya 1891 si adimu kihivyo. Ungesema sarafu ya rupia 2, ya 1893 au 1894, tungelia pamoja.

Mleta uzi: Adimu au si adimu, ilikuwa NZIMA! Hujamwona Kaisari alivyobaki. Hana sharubu mtu yule!

Bi Somoe: Afadhali wewe umebaki na yako. Mimi nimeuziwa "dhahabu ya Tabora", sarafu ya rupia 15 ya 1916, yenye tembo na mlima. Zilipigwa elfu kumi na sita na kidogo tu, vita vimewabana Wajerumani. Jamaa anazo mfuko mzima! Kufika nyumbani, sumaku imeidaka.

mwana_pangani: Sumaku?? Hapo umeuziwa bati, mama.

Bi Somoe: Laki tatu.

Mzee wa Reli: Nyie mnalilia sarafu. Kuna wajanja walimwambia shangazi kwamba Mjerumani kafukia rupia chini ya mwembe wake. Wamechimba wiki nzima, wamekula ugali wake, wametoweka usiku. Shimo liko wazi mpaka leo, na juzi mbuzi katumbukia.

Kibatari: Mbuzi katoka?

Mzee wa Reli: Katoka, ila anachechemea.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Dawa ya meno! Nimfanyeje huyu mtu?

Bi Somoe: Ngoja kwanza dada. Mzee wa Reli, huyo mbuzi ni beberu au jike?

Mzee wa Reli: Beberu, wa miaka miwili.

Bepari Mstaafu: Mnamuuza? Nina shughuli Jumamosi.

Mzee wa Reli: Njoo PM, ila shangazi hapunguzi.