Plastiki na ngozi ya mtoto tumboni: tumlaumu mama au tubadilishe sheria?

Mleta mada: Wadau, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Binti yangu ana pumu ya ngozi. Kila usiku nampaka mafuta kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, pale alipojikuna hadi ngozi imekuwa nene na ngumu. Majuzi ndugu mmoja alinikuta nikimpaka, akasema, "Ungeacha kupasha chakula kwenye plastiki ulipokuwa na mimba yake, yasingekuwa haya." Sikulala. Je, ushahidi uliopo unatosha kumwambia mama maneno hayo? Na kama kemikali za plastiki zina madhara, kwa nini kuzikwepa iwe kazi ya mjamzito, zisizuiwe kiwandani?

Mchangiaji wa 1: Pole sana dada. Mimi naona hofu imezidi ushahidi. BPA, kemikali ya kutengenezea plastiki ngumu, ikiingia mwilini, sehemu kubwa hutoka kwa mkojo ndani ya saa chache. Thaleti, zile zinazolainisha plastiki, nazo hazikai sana. Kuonekana kwenye mkojo si kudhuru. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inasema BPA ni salama kwa viwango vinavyopatikana kwenye chakula. Tuangalie dozi.

Mchangiaji wa 2: Mkuu, kutoka haraka kunasaidia nini kama inaingia kila siku? Tena kwenye mimba, wakati una uzito sawa na dozi. Seli zote za mtoto zina jeni zilezile. Ngozi inakuwa ngozi kwa sababu jeni fulani zimewashwa na nyingine zimezimwa. Njia mojawapo ya kuzima ni kubandika vikundi vidogo vya methili kwenye DNA. Siku za mwanzo baada ya mimba kutunga, alama nyingi kati ya hizo hufutwa, kisha huwekwa upya. Kitu kikiingilia hapo, athari inaweza kubaki hata kama chenyewe kilishatoka mwilini zamani.

Mwaka 2007 Dana Dolinoy na Randy Jirtle wa Chuo Kikuu cha Duke waliwalisha BPA panya majike wenye aina ya pekee ya jeni iitwayo agouti, inayoamua rangi ya manyoya. Watoto waliozaliwa na manyoya ya njano waliongezeka, kwa kuwa methili zilikuwa zimepungua kwenye jeni hiyo. Mama alipopewa foleti, vitamini inayoupa mwili methili, pamoja na BPA, rangi zikarudi kwenye mgawanyo wa kawaida. DNA yenyewe haikubadilika hata herufi moja. Mimi jambo hilo bado linanishangaza.

Mchangiaji wa 1: Ni panya wa aina ya pekee, na chakula chao kilikuwa na miligramu 50 za BPA kwa kila kilo. Nani anakula hivyo? Lete binadamu.

Mchangiaji wa 2: Dozi ilikuwa kubwa, nakubali. Kwa binadamu, utafiti wa New York uliotoka mwaka 2012 ulipima mkojo wa wajawazito. Wale waliokuwa na mabaki mengi zaidi ya thaleti iitwayo BBzP, inayotumika kwenye sakafu za vinaili, watoto wao walipata pumu ya ngozi mapema kwa wingi zaidi. Ni uhusiano tu. Haumwambii mama yeyote kwamba mtoto wake aliugua kwa sababu hiyo.

Mchangiaji wa 3: Mimi ni mkunga, na hiyo sentensi ya mwisho ningependa isomwe mara mbili. Wanakuja wajawazito wanaolia, hata madoa meusi ya usoni wanadhani yametokana na plastiki, kumbe ni homoni za mimba na jua. Na pumu ya ngozi hurithiwa sana. Tangu 2006 inajulikana kwamba hitilafu kwenye jeni ya filagrini, protini inayoimarisha tabaka la juu la ngozi, ni sababu kubwa. Dada, huyo ndugu ni wa upande gani?

Mleta mada: Ni shangazi yake mtoto. Ana pumu ya kifua tangu utotoni, na kaka yake, yaani mume wangu, alijikuna hivihivi akiwa mdogo. Asante mkunga, umenitua mzigo.

Lakini suala la sheria siliachi. Mwaka 2023 EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, ilishusha kiwango cha BPA kinachokubalika kwa siku kutoka mikrogramu 4 hadi nanogramu 0.2 kwa kilo ya uzito wa mwili. Mikrogramu moja ni nanogramu 1,000, kwa hiyo kimeshuka mara 20,000. BfR, taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari, ikakataa, ikapendekeza nanogramu 200. Wataalamu wenyewe wamepishana mara 1,000, halafu mimi na tumbo langu nijue chombo kipi ni salama? Umoja wa Ulaya uliamua Desemba 2024 kuipiga marufuku kwenye vifaa vinavyogusa chakula. Sawa. Ila chupa iliyoandikwa "haina BPA" inaweza kuwa na BPS, ndugu yake wa karibu, ambayo nayo huiga estrojeni, homoni ya kike. Mchangiaji wa 1, hapo unasemaje?

Mchangiaji wa 1: Kwenye BPS sina utetezi. Kemikali mbadala ipimwe kabla ya kuuzwa, na gharama abebe anayeiuza. Ila kuhusu BPA, mimi bado niko na Wajerumani.