RunX ya 1.5 hapa Goma: turbo, 2ZZ, 1ZZ au moteri ibaki ilivyo?

Lava_Nyeusi (Goma)
Salamu wakubwa wa uwanja. Gari ni Toyota RunX E120, moteri 1NZ-FE ya cc 1,497, gia za mkono, inavuta kwa mbele. Kazi yake ni kukimbia na saa kwenye changarawe, barabara ikiwa imefungwa, gari moja moja, na baadaye kujaribu rali ya upande wa Rwanda. Mbio za mitaani simo. Njia ninazopima ni nne:

1. Turbo ndogo juu ya 1NZ hiyohiyo.
2. Kuingiza 2ZZ-GE, ile ya farasi 190 na gia sita.
3. Kuingiza 1ZZ-FE ya 1.8.
4. Kuacha moteri, pesa zote ziende breki, shokapu na usalama.

Ipi inafaa kwa hewa na mawe ya huku?

Mzee_Kulasi (Goma, Himbi)
Kijana, anza na hewa kabla ya chuma. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Pwani hewa ina shinikizo la kilopaskali 101 hivi, hapa ni 84 au 85. Moteri isiyo na turbo inavuta kile inachokikuta, basi toa karibu asilimia 15 kwenye namba za kitabu. 1NZ yako ya farasi 109 hapa ni kama 92. 1ZZ ya 130 inabaki na 110. 2ZZ ya 190 inaangukia 160 hivi. Bado 2ZZ ni kubwa kuliko wenzake, sikatai, lakini acha kutembea na ile 190 kichwani.

Watu husema turbo haijali mlima. Ni nusu ya kweli. Springi ya westigeti (vali inayozuia turbo isizidi shinikizo) inapima ikilinganisha na hewa ya nje. Bar 0.5 ukiwa Dar es Salaam maana yake ndani ya manifoldi mna karibu bar 1.5 kamili. Bar 0.5 hiyohiyo Goma inakupa 1.35 tu. Ukiitaka ile 1.5 lazima upandishe mpaka 0.65, na hapo turbo inaibana hewa karibu mara 1.8 badala ya 1.5. Hewa iliyoingia na nyuzi 25 itatoka kwenye turbo ndogo na nyuzi zaidi ya 100, badala ya 80 hivi. Kwa hiyo intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) si pambo.

Birere_Turbo (Goma)
Kwa heshima mzee, hapo umeitetea turbo bila kutaka. Hata kwa 1.35 kamili, silinda zinapata hewa nyingi kuliko moteri ya kawaida iliyo ufukweni Mombasa. Tena inakuja mapema, mzunguko 3,000 kwa dakika, pale gari linapotoka kwenye kona ya changarawe. 2ZZ mpaka uikamue 6,000 ndipo iamke. Kura yangu namba 1.

Gia_ya_Sita (Lubumbashi)
Huku kwetu tuko chini kidogo, mita 1,200 hivi, ila hesabu ya 2ZZ ni ileile, na tatizo lake kubwa kwenye changarawe ni giaboksi.

C60, ndiyo giaboksi ya gia sita ya 2ZZ, ina gia ya kwanza 3.166, ya pili 2.050, ya tatu 1.481, ya nne 1.166. Kamu kubwa ya 2ZZ (ile inayofungua vali zaidi kwa mwendo wa juu) inashika kwenye mzunguko 6,000 hadi 6,200. Ukibadilisha kutoka ya kwanza kwenda ya pili kwenye 8,000 unaangukia 5,180, nje kabisa. Ya pili kwenda ya tatu unaangukia 5,780, bado nje kidogo. Ya tatu kwenda ya nne ndiyo inakuacha ndani, karibu 6,300. Sasa jiulize ni kona ngapi za changarawe utazipita kwa gia ya tatu ukiwa juu ya 6,000. Chini ya hapo 2ZZ ni moteri ya 1.8 ya kawaida: nguvu yake ya kuzungusha ni nyutoni-mita 180, lakini inaifikisha 6,800. 1ZZ ina 170 na inaifikisha 4,200. Ndiyo maana mimi ningechukua 1ZZ, hata kama haina sifa barazani.

Mengine ya 2ZZ kwa anayeitaka kwa nguvu:
- Zile za mwanzo, za karibu 2000 hadi 2002, zina boliti za roka zinazokatika, na kamu kubwa haishiki tena. Fungua kifuniko cha juu uziangalie kabla ya kulipa.
- Kamu kubwa haifanyi kazi moteri ikiwa baridi. Watu wanatupa piesi (kipuri) isiyo na tatizo wakidhani imekufa, kumbe maji hayajafika nyuzi 60.
- Kukosea gia, ukitaka ya nne ukaangukia ya pili, kunapasua gia za pampu ya oili. Oili ikikatika kwa mzunguko 9,000, hakuna cha kuokoa.
- Kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya moteri). Weka vizuizi ndani ya sampu, na kijiti cha oili kisome juu daima.
- Ubanaji wake ni 11.5:1. Hapo mwinuko unasaidia: hewa nyepesi inapunguza shinikizo la silinda, na moteri inavumilia okteni (kipimo cha petroli kutolipuka kabla ya wakati) ndogo kuliko ingevumilia pwani. Kidogo tu. Si ruhusa ya kujaza chochote.

Yaya_Buji (Bukavu)
Sisi huku Bukavu tuko mwinuko mmoja na Goma. Nitazungumzia turbo kwenye 1NZ, kwa sababu kaka Birere ameieleza kama kufunga redio.

Udhaifu wa 1NZ ni konrodi (fimbo zinazounga pistoni na kranki), nyembamba kama za moteri ya kubana matumizi, maana ndivyo ilivyo. Ubanaji ni 10.5:1, mwingi kwa turbo. Wengine wanaweka gasketi nene ya kulasi (kichwa cha moteri) ili wapunguze. Mimi sipendi: nafasi kati ya pistoni na kulasi inapanuka, hewa na esansi (petroli) havichanganyiki vizuri, na moteri inagonga (mlipuko wa kabla ya wakati) palepale ulipotaka isigonge. Afadhali uache 10.5 na ukae kwenye bar 0.4 ya geji, usizidi.

Mpangilio wenyewe:

Nozeli za kiwanda hazitoshi. Kwa farasi 150 weka za cc 300 kwa dakika au karibu na hapo, na pampu ya esansi mpya, si ya okazyo (iliyokwisha kutumika).

Kipima hewa cha 1NZ ni cha waya wa moto, kinapima uzito wa hewa, ndiyo maana gari la kawaida halihitaji kurekebishwa likipanda mlima. Kibaki kabla ya turbo. Vali ya kupumulia iirudishe hewa kwenye bomba la kuingilia, isiitoe nje. Ile sauti ya "pshii" mnayoipenda ni hewa iliyokwisha kuhesabiwa inayotupwa, na moteri inakunywa esansi ya hewa ambayo haipo.

Buji (plagi) ziwe za aina ya baridi zaidi kwa hatua moja, mwanya milimita 0.7. Mchanganyiko chini ya turbo uwe 11.5 hadi 12 kwa 1, ukisomwa na kipimo cha lambda cha upeo mpana, si kwa kunusa ekzosi. Moto wa buji ucheleweshwe nyuzi 6 hivi kwa bar 0.4 kama mahali pa kuanzia, kisha usikilize kama moteri inagonga. Bila kompyuta inayopangika, usianze kabisa.

Bomba la kurudisha oili kutoka turbo lishuke moja kwa moja, liwe pana, liingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Likipindwa kwenda juu hata kidogo, oili inajaa kwenye turbo, ekzosi inatoa moshi wa buluu, na fundi anauziwa turbo ya pili wakati ile ya kwanza ni nzima.

Na mfereji wa sevo ya breki (kisaidizi cha pedali): vali yake ya kuzuia lazima iwe nzima, la sivyo shinikizo la turbo linaingia kwenye sevo na pedali inakuwa jiwe.

Mwisho, esansi. Ya kwa Kadhafi (wauzaji wa esansi wa barabarani), kwenye bidoni, siiwekei turbo. Ikichanganywa na mafuta ya taa okteni inashuka. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: esansi safi inakauka bila alama, yenye mafuta ya taa inaacha doa. Maji yanaonekana kwenye chupa angavu ukiiacha itulie dakika chache. Moteri kugonga dakika moja tu kwenye mlima unatosha kuvunja kingo za ringi za pistoni.

Birere_Turbo (Goma)
Yaya, bar 0.4 ni sawa, sikusema 0.8. Nimesoma.

Kaske_Kwanza (Goma)
Kabla ya mabishano kuendelea, kuna jambo la kanuni. Katika hesabu za FIA (shirikisho la dunia la mashindano ya magari) moteri ya esansi yenye turbo inazidishwa kwa 1.7. Cc 1,497 inakuwa 2,545. Kwa turbo ya bar 0.4 umejipeleka kwenye daraja la magari ya zaidi ya lita mbili. Ukibaki bila turbo uko chini ya 1,600, na huko ndiko anayeanza anaweza kupata jina. 1ZZ na 2ZZ zote ni chini ya 2,000. Soma kanuni za rali unayoitaka kabla ya kununua hata boliti, maana kubadilisha moteri nako kuna masharti yake.

Sasa usalama, na hapa sina upole.

Kizimba cha chuma: nguzo kuu ni bomba lisilo na mshono, chuma cha kaboni kilichovutwa baridi, milimita 45 kwa 2.5 au 50 kwa 2.0, chenye nguvu ya angalau nyutoni 350 kwa milimita mraba. Sehemu nyingine 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Bomba la maji lina mshono uliochomelewa, na gari likibiringika linafunguka kwenye mshono. Kila mguu ukaliwe na bamba la kuimarisha la unene wa milimita 3 na eneo la sentimita mraba 120, boliti tatu au zaidi za M8 daraja la 8.8. Boliti nyeusi za kuokota mtaani Birere zisizo na namba kichwani, hapana.

Kiti: FIA 8855-1999, miaka mitano tangu kutengenezwa, au cha kiwango kipya zaidi. Mkanda: 8853-2016, tarehe imeshonwa kwenye lebo. Mikanda ya mabega ikishuka nyuma zaidi ya nyuzi 45 inakandamiza uti wa mgongo. Usifunge mkanda wa rali kwenye kiti cha kawaida: mwili unateleza chini yake. Tena gari lenye kizimba lisitumiwe mjini bila kaske (kofia ngumu), kichwa kitapiga bomba hata kwenye ajali ndogo.

Kizimamoto cha mkononi kilo 2 za unga, kamba mbili za chuma zinazofunguka haraka, dereva akifikie akiwa amefungwa mkanda.

Lava_Nyeusi (Goma)
Kaske ya pikipiki inakubalika kwa kuanzia?

Kaske_Kwanza (Goma)
Hapana. Bitana yake haikutengenezwa kwa moto. Tafuta Snell SA2020 au FIA 8859-2015, pamoja na kifaa cha shingo cha 8858.

Mzee_Kulasi (Goma, Himbi)
Niongeze la breki ambalo wengi hawalioni. Sevo inafanya kazi kwa tofauti kati ya hewa ya nje na ombwe la manifoldi. Hapa hewa ya nje ni ndogo, kwa hiyo msaada wa sevo umepungua karibu moja ya tano hata kabla hujaongeza mwendo. 1.5 nyingi zina dramu nyuma. RunX ya 2ZZ ilikuja na diski nyuma na diski kubwa zaidi mbele, na hizo piesi ndizo ningezitafuta hata kama moteri haibadiliki. Hakikisha rimu ni inchi 15. Mafuta ya breki DOT 4, yamwagwe yote na kuwekwa mapya kabla ya kila mashindano: yakiwa makavu yanachemka kuanzia 230, yakishanyonya unyevu yanaweza kushuka hadi 155, na mteremko mmoja mrefu unatosha kuyafikisha huko.

Tairi zenye ubavu mrefu. Mawe ya volkano ya Nyiragongo yanakata kama wembe, inchi 17 zenye ubavu mwembamba hazimalizi siku. Chini weka bamba la aluminiamu milimita 6, na uache tundu la kumwagia oili.

Vumbi la lava nalo linasaga. Chujio kibaki cha karatasi ndani ya boksi lake la kiwanda, na mipira ya boksi ikazwe. Zile koni za wazi zinavuta vumbi na hewa moto ya moteri. Kila nyuzi 10 za joto, hewa inapungua uzito kwa karibu asilimia 3. Unalipa ili upunguziwe.

Gia_ya_Sita (Lubumbashi)
Kwa 1ZZ tahadhari moja: za kabla ya 2005 hivi hula oili, matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni ni madogo na yanaziba. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta tope jeusi, ondoka. Nunua moteri na giaboksi yake, nyaya zake, kompyuta yake na ufunguo wake, kwa sababu kompyuta na ufunguo vinatambuana. Usitegemee giaboksi ya 1NZ.

Lava_Nyeusi (Goma)
Aksanti wakubwa. Basi naanza na namba 4, breki na kizimba, halafu 1ZZ nikipata iliyo safi. Turbo nimeiweka kando. Je, 1NZ yenyewe itavumilia msimu?

Mzee_Kulasi (Goma, Himbi)
Pima kompresheni. Moteri iwe ya moto, buji zote nne nje, nozeli zikatwe umeme, pedali ya esansi chini kabisa, betri iliyojaa. Usiogope namba zikiwa chini ya za kitabu: kwa hewa hii geji inasoma pungufu kwa karibu asilimia 15 hata kwenye moteri mpya. Angalia tofauti kati ya silinda, isizidi bar 1. Ikizidi, tia kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu upime tena. Ikipanda ni ringi, ikibaki palepale ni vali au gasketi. Leta namba zote nne hapa.