Mjerumani ameruhusu uraia pacha, sisi Watanzania je?

Ndugu zangu, habari za huko mliko. Niko Hamburg mwaka wa saba. Tangu Juni 2024 Mjerumani hamlazimishi tena mtu kuukana uraia wa kwao, na miaka ya kungoja imeshuka kutoka 8 hadi 5. Cheti cha lugha ninacho, euro 255 za ada nimeweka pembeni. Nisubiri nini tena? Nina kiwanja Kigamboni.
Mama Neema

*

Mama Neema, kalamu iweke chini kwanza. Mjerumani hakulazimishi, ila sheria yetu ya uraia ya 1995 ipo palepale: mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari yake, wa Tanzania umemtoka. Wengi wanaficha pasipoti ya zamani kwenye droo wakidhani wana uraia pacha. Wana kijitabu tu.

Mimi nilichukua. Mama alipofariki nilishuka Dar usiku, nikapanga foleni ya wageni nyuma ya vijana waliokuja kupanda mlima, nikalipa dola 50 za viza. Siku 90 za kukaa nyumbani kwetu. Penye sababu ya safari nikatia alama "kutembelea ndugu".

Kiwanja sasa. Asiye raia hapewi ardhi ila kwa uwekezaji, ndiyo maana watu wanaandikisha kwa majina ya wadogo zao, na kesi zake tunazijua. Hadhi maalum, ile ya waliokuwa raia wa Tanzania wakachukua uraia wa nje, imeletwa kulegeza hapo, lakini soma masharti yake mwenyewe, usisimuliwe. Kura haimo. Ingawa na wewe mwenye pasipoti yetu, hapo Hamburg umepigia wapi? Kituo hakuna. Ukiwa Mjerumani, hata ukihamia Uholanzi unachagua madiwani wa huko kama raia wa Ulaya.
Bakari, Bremen

*

Pole sana Bakari. Sisi Wakenya katiba ya 2010 ilitufungulia, lakini ukipata uraia wa pili lazima uutangaze kwa serikali ndani ya miezi mitatu. Wengi hawajui hilo.
Wanjiru

*

Asanteni. Kaka Bakari, pole, sikujua. Mwanangu Neema ana uraia wote wawili, wa kwetu na wa Ujerumani, tangu azaliwe, yeye atachagua akifika miaka 18. Fomu yangu nimeirudisha kwenye bahasha. Jana nikampigia mdogo wangu nimuulize kuhusu kiwanja. Kabla sijamaliza, akasema, "Dada, kwani shida nini, si uandike jina langu?" Nikamwambia mtandao unasumbua.
Mama Neema