Nimepimwa H. pylori bure kwa kambi, niko nayo. Sasa?

mama_mapacha
Habari zenu wadau. Jumamosi kulikuwa na kambi ya afya huku Mukuru kwa uwanja wa kanisa, wanapima presha, sukari na hii H. pylori, bakteria wa tumboni, bure kabisa. Nikadungwa kidole, kukaa kidogo nikaambiwa niko nayo, kijana wa koti nyeupe akaniandikia dawa tatu kwa karatasi, nunua hizi, halafu akaita anayefuata. Nikauliza si hii ndio inaleta kansa ya tumbo, akasema "inaweza", basi tangu hiyo siku usingizi hakuna. Baba yangu 2011 alikonda akitapika mpaka akatuacha, wakasema ni kansa ya tumbo. Sasa kemisti wa kona anasema dozi nzima ni karibu nusu ya kodi yangu ya nyumba ila naweza chukua ya siku tano kwanza. Nichukue? Na mapacha wana miaka 6, niwapeleke pia? Msinicheke tafadhali.

mhudumu_mathare
Pole mama mapacha. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii upande wa Mathare. Kwanza vuta pumzi, kuwa nayo si kuwa na kansa. Watu wengi sana wako nayo, waliipata wakiwa watoto hapo hapo nyumbani, na watazeeka bila kujua. Wanaoishia kansa ni wachache, mmoja mpaka watatu hivi kwa mia. Lakini usidharau, imewekwa kwa orodha ya vitu vinavyoleta kansa tangu 1994, na wewe kama mzazi alikuwa na kansa ya tumbo ndio kabisa usiiache.

Hicho kipimo cha kidole kinatafuta kinga ambayo mwili hutengeneza kupigana na huyo mdudu, hakitafuti mdudu mwenyewe, hata mtu alitibiwa akapona zamani bado kinaweza kusema yuko nayo. Enda kituo cha afya uitishe kipimo cha choo ama cha kupuliza pumzi. Kama unameza omeprazole, ile ya kupunguza asidi, uiache wiki mbili kabla, antibiotiki wiki nne, la sivyo mdudu anajificha. Watoto kama hawalalamiki tumbo, waache tu.

Najua cha choo kinaleta aibu. Ploti nzima choo ni kimoja, foleni asubuhi, utapita aje na kopo mkononi? Kuna mama mmoja kwangu aliificha ndani ya mfuko wa unga, kutoka tu akakutana na jirani, "aki mama nanii niazime kikombe moja ya unga" 😂

fundi_kayole
Siku tano??? Usithubutu. Mimi niliuziwa hivyo hivyo na kemisti fulani, nikapoa wiki mbili tumbo ikarudi na hasira, kupimwa tena mdudu ako tu. Daktari akaniambia dozi ni siku 14, ukikatiza unamfundisha kuzoea dawa. Dozi ya pili ilikuwa dawa nne kwa mpigo, moja inafanya mdomo unakuwa kama umelamba sarafu, na nyingine inaitwa bismuth sikuwa nimeambiwa inageuza choo nyeusi, nikaona nimeisha, nikapigia bibi simu nikiwa ndani ya choo. Nilimaliza zote. Halafu unangoja wiki nne ndio unapimwa kama imeisha, watu wengi hawarudi hapo.

kijana_wa_south_b
Mi naona hizi kambi ni za kupiga picha na bango. Kupima mtu halafu unamwacha na karatasi, hiyo ni kumgawia wasiwasi bure. Visiwa vya Matsu huko Taiwan walianza 2004, wakapima watu, wakawapa dawa, wakawapima tena, na kansa ya tumbo ikashuka karibu nusu. Hapo ndio nitaita mradi.

mhudumu_mathare
@kijana_wa_south_b kwa dawa nakubali na wewe, hata sisi tunalia hapo. Lakini bila hiyo kambi huyu dada angekuwa ametaja babake leo? Na nilisahau, mama mapacha: choo ikiwa nyeusi kama lami na hujameza hiyo bismuth, ama ukonde bila sababu, chakula kikwame, utapike damu, usingoje kopo wala nini, hapo uitishe kamera ya tumbo siku hiyo.

mama_mapacha
Asanteni sana jameni. Hapana hiyo yote sina, ni kiungulia tu na kujaa gesi. Siku tano nimeachana nayo, chama chetu cha kuchangiana pesa kinanipa zamu wiki ijayo nikiandikiwa nitanunua zote. Leo nimeenda kituo cha serikali nimepewa kopo, kesho naamka saa kumi kabla foleni. Nimetafuta mfuko wa sabuni, unga huku inaombwa sana 😅